Biloxi baada ya Katrina: nani alistahili kuchora nyumba za kurudia?

Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya jimbo la Mississippi, Marekani, tarehe 29 Agosti 2005, maji ya bahari yalipanda zaidi ya mita 6 katika mji wa Biloxi. Matishari yaliyobeba kasino yaling'olewa gatini, na baadhi yakatupwa nchi kavu, ng'ambo ya barabara kuu ya 90. Watu 238 walipoteza maisha jimboni humo. Sehemu moja iliyoumia vibaya ni Biloxi Mashariki, ncha ya rasi iliyobanwa kati ya Ghuba ya Mexico na hori la Back Bay, ambako waliishi Wamarekani weusi wengi wa kipato kidogo pamoja na familia za Kivietinamu zilizoanza kuhamia huko mwishoni mwa miaka ya 1970 kufanya kazi ya uvuvi na usindikaji wa kamba. Watu wa kujitolea walimiminika kutoka kila upande wa nchi, na baada yao wakaja wasanifu majengo. Kujitolea huko kumesifiwa sana na kulaumiwa sana, na naona pande zote mbili zimechanganya kazi ambazo hazifanani.

Tuanze na kazi ya mikono, ambayo hukumu yake ni nyepesi. Nyumba iliyolowa maji ya chumvi katika joto la Mississippi huota kuvu ukutani ndani ya siku chache. Ili ipone, ni lazima kila kitu laini kitolewe: mazulia, magodoro, makabati na mbao za jasi, mpaka zibaki nguzo za mbao tupu, kisha nguzo hizo zisuguliwe kwa brashi za waya na kupigwa dawa. Hii ni kazi ya mtaimbo, toroli na barakoa, na mtu asiye na ujuzi anaifundishwa asubuhi moja. Mzee asiye na bima ya mafuriko hakuwa na fedha ya kumlipa fundi, na hata angekuwa nayo mafundi hawakupatikana. Wanaowaita watu hao wa kujitolea watalii wa maafa wana hoja pale wageni wanapojipiga picha mbele ya misiba ya wenzao, lakini lawama hiyo haifuti ukweli kwamba nyumba nyingi ziliokolewa na watu waliokaa wiki moja tu.

Uchoraji ni jambo lingine, kwa sababu kosa la mchoraji hukaa na mwenye nyumba miaka hamsini. Mwezi Oktoba 2005, wakati watu wengi wangali wametawanyika au wanalala kwenye mahema, Gavana Haley Barbour na msanifu Andrés Duany waliwakusanya wataalamu wapatao 200 katika hoteli ya kasino mjini Biloxi, wakachora kwa muda wa juma moja mipango ya miji 11 ya pwani. Michoro ilikuwa mizuri. Hata hivyo, Waswahili tunasema asiyekuwepo na lake halipo, na waliokosekana kwa wingi humo ukumbini ni wale wale ambao mitaa yao ilikuwa inachorwa. Haki inanitaka niongeze kwamba mkutano huo haukuishia kwenye karatasi. Kutokana nao, Marianne Cusato alibuni nyumba ndogo ya takriban mita za mraba 29, iliyooneshwa hadharani mapema mwaka 2006, ambayo ilikuwa na sura ya nyumba na heshima ya nyumba, tofauti na trela za serikali walizopewa waathirika kukaa kwa muda, ambazo baadaye zilikutwa na kemikali ya fomaldehaidi. Jimbo lilichukua wazo hilo na kujenga nyumba ndogo za namna hiyo zipatazo 2,800, ingawa halmashauri kadhaa zilikataa zisigeuzwe makazi ya kudumu.

Kama mkutano huo wa juma moja ulikuwa njia ya kwanza, njia ya pili ilikuwa kukaa. Mwishoni mwa mwaka 2005, Chuo Kikuu cha Jimbo la Mississippi kilianzisha ofisi ya usanifu kwa ajili ya jamii ya pwani, chini ya David Perkes, nayo ikaingia Biloxi Mashariki na kufanya kazi bega kwa bega na kituo cha uratibu kilichoanzishwa na diwani Bill Stallworth. Ofisi hiyo haikuanza kwa kuchora nyumba. Ilianza kwa ramani za kiwanja kwa kiwanja, zikionesha kipi kimeharibiwa na kipi kiko chini kiasi gani kutoka usawa wa bahari. Hilo lilikuwa la lazima, kwa kuwa Novemba 2005 shirika la serikali kuu la maafa, FEMA, lilitoa viwango vipya vya mafuriko vilivyopanda futi kadhaa juu ya vile vya zamani.

Viwango hivyo vilikuwa na maana gani kwa mwenye nyumba? Tuseme sakafu inatakiwa kuinuliwa mita 3 kutoka ardhini. Njia ya kiti cha magurudumu, kwa kipimo cha kawaida cha Marekani cha moja kwa kumi na mbili, itahitaji urefu wa mita 36 bila kuhesabu mahali pa kupumzikia, na kiwanja chenyewe pengine hakifiki hapo. Bibi mwenye magoti mabovu atapanda ngazi zaidi ya kumi na tano kila anaporudi na mfuko wa sokoni. Baraza, alikozoea kukaa na kuamkiana na wapita njia, sasa iko juu ya vichwa vyao. Matatizo kama haya hayajibiwi na mgeni wa wiki moja. Yanajibiwa na mtu anayeweza kurudi kwa bibi huyo mara ya pili na ya tatu, kisha akaongozana naye kwenda kuomba kibali cha ujenzi.

Kati ya njia hizo mbili palikuwa na mradi wa nyumba za mfano wa shirika la Architecture for Humanity, ambapo familia zilikutanishwa na wasanifu mwezi Agosti 2006 na kila moja ikamchagua wa kwake. Mfano mmoja ni nyumba iliyobuniwa na msanifu Marlon Blackwell, iliyoinuliwa juu ya nguzo huku ikijitahidi kuuhifadhi uhusiano wa baraza na mtaa. Wakosoaji husema nyumba saba zilizojengwa ni chache mno kwa juhudi na majina makubwa kiasi hicho, na shirika lenyewe lilifungwa mwaka 2015. Nakubaliana nao kuhusu idadi. Hata hivyo, fukara kumchagua msanifu wake mwenyewe ni jambo adimu, na kulidharau kwa sababu ya uchache si sawa.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: je, ni uungwana kumsaidia mtu arudi mahali ambapo bahari itarudi pia? Wanaouliza hivyo hawana nia mbaya, na nyumba iliyoinuliwa haiiondoi hatari, inaipunguza tu. Lakini tuangalie nani alikuwa akiitaka ardhi ile ile. Kabla ya Katrina, sheria ya Mississippi ililazimisha kasino za pwani zielee majini. Mwezi Oktoba 2005 bunge la jimbo liliziruhusu zijengwe nchi kavu hadi futi 800, yaani kama mita 240, kutoka ufukweni. Kumwambia mvuvi aondoke kwa usalama wake, huku hoteli ya kamari ikikaribishwa jirani na kiwanja chake, ni kumtaka abebe peke yake gharama ya tahadhari. Kwa hiyo naona waliobaki kuwachorea watu hao nyumba walifanya jambo la haki, mradi wawaeleze hatari yote bila kuipaka rangi.

Walichoshindwa wasanifu, waliokaa na waliopita vilevile, ni fedha. Mpango wa kwanza wa jimbo ulitoa hadi dola 150,000 kwa wenye nyumba waliokuwa na bima na walioishi nje ya ukanda wa mafuriko. Awamu iliyofuata iliwafikiria wasio na bima, ila walioharibiwa nyumba na upepo badala ya maji waliachwa nje. Mwaka 2008 serikali kuu iliidhinisha jimbo kuhamisha takriban dola milioni 570 za makazi kwenda kupanua bandari ya Gulfport. Ilichukua kesi mahakamani, na mapatano ya Novemba 2010, kwa dola milioni 132 kutengwa kwa ajili ya waathirika waliosahaulika, wakiwemo wa upepo. Ilikuwa imepita miaka mitano, wengi wa waliokuja na mitaimbo walikuwa wamekwisha kurudi makwao, na mtu aliyepata fungu lake wakati huo bado alihitaji mchoro, kipimo cha sakafu na kibali.