Mashine ya Barafu Nyumbani: Je, Inaufaa Mji wa Kisumu?

Katika mji kama Kisumu, ambako jua la Januari na Februari hupandisha joto hadi nyuzi 30 na zaidi, mashine ndogo ya kutengeneza barafu, ile inayowekwa juu ya meza ya jikoni na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida, ni kishawishi kikubwa. Hujazwa lita moja au mbili za maji kwa mkono, haihitaji fundi wa mabomba, na kwa kawaida hudondosha vipande 9 vya kwanza baada ya dakika 6 hadi 13. Anayesubiri trei igande kwenye friji kwa saa tatu au nne ana kila sababu ya kuitamani. Hata hivyo, kabla ya kuulizia kasi, mnunuzi anapaswa kuamua iwapo nyumba yake inahitaji barafu ya papo hapo au barafu ya akiba, kwa kuwa mashine hii hutoa ya kwanza tu.

Hoja za wanaoitetea zina uzito. Sehemu ya kugandishia katika friji ndogo hujaa upesi nyama na ngege (samaki wa tilapia) walionunuliwa ufuoni Dunga kwa matumizi ya wiki nzima, trei zikakosa pa kukaa, na barafu iliyolala kando ya samaki huchukua harufu yao hadi ikaharibu maji ya ndimu. Mashine hutengeneza barafu mbali na vyakula hivyo. Tena wageni wetu hawana desturi ya kupiga simu kwanza, na kumpa mgeni kinywaji baridi mara tu anapoketi ni heshima ambayo watu wa hapa wanaijali kwa dhati. Gharama ya umeme nayo si ya kutisha: mashine ya wati 120 inayotoa nusu kilo kwa saa hutumia takriban robo uniti kwa kila kilo ya barafu.

Tatizo huanza pale kipimo kilichoandikwa kwenye boksi kinapochukuliwa kuwa ahadi. Kilo 12 kwa saa 24, kiwango cha kawaida cha mashine hizi, ni nusu kilo kwa saa, na hupatikana katika chumba chenye ubaridi wa wastani kwa maji yasiyo na joto. Jikoni katika mtaa wa Mamboleo hapa Kisumu, saa nane mchana, kwa maji yaliyotoka kwenye tangi lililopigwa na jua tangu asubuhi, kila awamu huchukua muda mrefu zaidi na vipande hutoka vyembamba. Nakuru, ulioinuka mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari ilhali Kisumu uko kwenye mita 1,130 hivi, una ubaridi zaidi na utaipa mashine hiyo hiyo mazingira mazuri zaidi, ingawa huko haja yenyewe ya barafu ni ndogo.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana ni kwamba kikapu cha ndani hakigandishi. Barafu iliyomo huanza kuyeyuka, maji yake yakarudi kwenye tangi na kugandishwa upya. Mashine imeundwa hivyo makusudi. Anayetarajia wageni 20, tukikadiria nusu kilo kwa kila mmoja pamoja na ya kupozea soda, anahitaji kilo 10, yaani saa 20 za mashine na mtu wa kuhamishia barafu kwenye friza mara kwa mara. Kwa harusi au matanga haina nafasi kabisa. Hapo hununuliwa barafu ya mifuko.

Kinachonifanya niegemee upande wa friza hasa ni kukatika kwa umeme. Mvua za radi zinazotoka upande wa ziwa zinapoangusha nyaya, mashine husimama na kikapu chake huwa maji baada ya muda mfupi. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushikilia ubaridi kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Sababu ni kwamba barafu hunyonya joto jingi inapoyeyuka: kilo moja huchukua kilojuli 334, ambazo zingetosha kupasha kilo hiyo hiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80. Kwa hiyo chupa za maji yaliyoganda, zikijazwa kwenye nafasi tupu za friza, huwalinda samaki wa familia usiku kucha, na asubuhi bado zinaweza kupoza vinywaji. Faida hii ya kulinda chakula mashine haiwezi kuitoa, na kwa nyumba nyingi za magharibi mwa Kenya naiona kuwa kubwa kuliko dakika zinazookolewa.

Kuhusu usafi wa maji, pande zote mbili ziko chini ya sharti moja. Kisumu umewahi kukumbwa na kipindupindu mara kadhaa, na kugandisha maji hakuui vimelea vyake, hivyo maji yachemshwe na yapoe kabla ya kugandishwa. Trei huoshwa kwa sabuni ikaisha kazi. Mashine ina pampu na mirija ambamo maji yakilala huota utelezi, na huhitaji kusafishwa mara kwa mara kwa maji yenye siki au ndimu.

Basi anayeuza juisi akiwa nyumbani, au ambaye wageni hawamwishi na tayari ana friza ya kuhifadhia, anaweza kuinunua bila kujilaumu. Aiweke mbali na jiko, aache nafasi ya hewa pande zote, na ikifika kwa basi la vifurushi aiache wima kwa saa 24 kabla ya kuiwasha ili mafuta ya kompresa yatulie. Anayeletewa na ndugu kutoka Marekani asome kwanza kibandiko cha nyuma: mashine ya volti 115 ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 240 huungua, na transfoma ya kuishusha volti haibadilishi hezi 60 (idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde) ambazo kompresa yake ilitengenezewa, ilhali zetu ni 50.