The Big Sleep: Kisa Kilichopotezwa kwa Makusudi

Watazamaji wa The Big Sleep, filamu ya upelelezi ya Howard Hawks, hawaishi kuuliza: nani alimuua Owen Taylor, dereva wa familia tajiri ya Sternwood, ambaye gari lake linaopolewa majini kwenye gati la Lido? Filamu haijibu. Raymond Chandler, aliyetunga riwaya yenyewe ya 1939, alipoulizwa naye hakujua. Basi wengi huihukumu kuwa kazi ya ovyo.

Wana hoja. Kanuni za maadili za Hollywood zilizuia kusemwa wazi kwamba Geiger, mwenye duka la vitabu, alikuwa akikodisha picha na vitabu vya ngono, kwa hiyo tunaona watu wakiuana kwa biashara tusiyoambiwa ni ipi. Mwishoni Eddie Mars, mwenye nyumba ya kamari, anabebeshwa kifo cha Sean Regan, mtumishi wa Sternwood aliyetoweka, ilhali katika riwaya muuaji ni Carmen, binti mdogo wa Sternwood. Hapo fundo lilikatwa tu, halikufunguliwa.

Ila kusema Hawks alipotea njia ni kumwonea. Toleo la kwanza, lililoonyeshwa kwa wanajeshi wa Marekani mwaka 1945, lina onyesho ambamo mpelelezi Marlowe, anayeigizwa na Humphrey Bogart, yuko ofisini kwa mwendesha mashtaka na kesi inapangwa hatua kwa hatua. Kisha wakala wa Lauren Bacall, anayeigiza Vivian, dada mkubwa wa Carmen, akaomba mteja wake aongezewe nafasi. Mapema 1946 Bacall na Bogart wakarudishwa mbele ya kamera, ofisi ikakatwa, yakaingia mazungumzo ya mezani kuhusu farasi wa mashindano: yupi hupenda kutangulia, yupi huvizia nyuma, na kwamba yote hutegemea nani yuko kwenye tandiko. Farasi ni fumbo la mapenzi tu; ni ajabu wakaguzi wa maadili waliyapitisha! Kesi haisogei hata inchi, lakini wawili hawa wameshaelewana, nasi tumeelewa.

Toleo la 1945 lilirudi kumbi za sinema mwaka 1997. Ofisini mle kila kitu kinaeleweka, na filamu inapoa kama chai iliyosahauliwa.

Tena Marlowe yumo karibu katika kila onyesho, hivyo hatujui zaidi ya anachojua yeye. Tazama kifo cha Harry Jones. Marlowe amejibanza chumba cha pili, anamsikia Canino, muuaji wa Mars, akimbana Jones ataje alipo Agnes, mwanamke anayempenda aliyekuwa akifanya kazi dukani kwa Geiger. Jones anataja anwani, anapewa kinywaji chenye sumu, anaanguka. Punde Marlowe anagundua kuwa anwani ile ni ya uongo: kijana wa watu amekufa akimficha mwanamke ambaye hatamlilia. Hapo nani anahitaji maelezo?

Anayeanza aanze na toleo la 1946. La 1945 alifungue baadaye, kwa ajili ya ile ofisi tu.