Nyumbani tunaongelea kitanda kutwa, ila mwenye hofu hana pa kwenda

Mtu anayeganda akiguswa hajarogwa, na wala hana jini mahaba. Naanza na hilo kwa sababu nimekulia Moshi, Majengo, na nina ndugu wengi Arusha, najua mtu wa hivyo kwetu anapelekwa wapi, kwanza kwa mchungaji, ikishindikana kwa mganga, alafu anaachwa.

Huku California ninakoishi nahudumia wagonjwa majumbani, na ndo huku nilikosikia habari ya tiba ya mwenza mbadala. Mara ya kwanza nilishtuka, yeyote aliyelelewa na mama wa usharikani angeshtuka. Iko hivi: mtu ana shida ya kukaribiana kimwili, labda alibakwa utotoni, labda ana miaka 40 na hajawahi hata kushikwa mkono na mpenzi, labda ajali imemuumiza uti wa mgongo na hajui tena mwili wake unafanyaje kazi, na hana mke wala mume wa kujifunza naye. Basi mtaalamu wa saikolojia anamuunganisha na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, huyo ndo mwenza mbadala, wanakuwa watatu. Mtaalamu hagusi mtu, kazi yake ni maongezi. Mwenza anafanya mazoezi na mgonjwa, kila baada ya kikao anamweleza mtaalamu kilichotokea, na mgonjwa naye anaenda kuongea na mtaalamu kivyake, hakuna la kufichana.

Najua mtasema huo ni umalaya. Hapana aisee. Anayeenda kwa malaya anataka raha ya usiku ule, na malaya anaomba mteja arudi kesho. Huyu mwenza kazi yake ni mgonjwa afike mahali asimhitaji tena, na hata kuachana kwao kunapangwa tangu mwanzo, wanaagana kabisa, maana mule ndani watu wanazoeana na wengine wanaumia, na hilo ni moja ya mambo yanayowagawa wataalamu wa huku, wapo wasiotaka hata kuisikia tiba yenyewe. Serikali haitoi leseni ya kazi hiyo, kuna chama chao kinaitwa IPSA kilichoanzishwa hapahapa California mwaka 1973, ndo kinafunza wenza.

Zoezi la mwanzo nilisimuliwa na kijana mmoja niliyekuwa namhudumia, aliumia mgongo kwenye ajali. Alikaa ameelekeana na yule dada aliyekuwa mwenza wake, wote wamevaa nguo zao. Akaambiwa auchukue mkono wa mwenzake, afumbe macho, aupapase taratibu kuanzia kwenye vidole mpaka kwenye kiwiko, na asijaribu kumfurahisha, asikilize tu vidole vyake mwenyewe, wapi pana joto, wapi pakavu, wapi mfupa umejitokeza. Akili ikianza kuuliza nafanya sawa au nakosea, airudishe kwenye ngozi. Baadae wakabadilishana. Basi, kikao kikaisha hapo! Aliniambia alirudi amechoka kama mtu aliyetoka kulima.

Na ni hivyo hivyo kwa muda mrefu, mikono, uso, miguu, mgongo, wanasogea mgonjwa akiwa tayari, na tendo lenyewe linakatazwa kwanza. Wapo wanaomaliza tiba bila kufika huko na wametoka wazima. Mbinu hii ilitoka kwa William Masters na Virginia Johnson wa St. Louis, walioiandika kwenye kitabu chao cha 1970. Waliona kwamba mara nyingi kinachomwangusha mtu ni kule kujichungulia, yuko kitandani lakini kichwani anajisimamia kama msimamizi wa mtihani, sasa ukimwondolea mtihani hofu inakosa pa kushika. Waliwatibu wanandoa pamoja, na kwa wanaume wasio na mtu ndo wakawaletea wenza.

Alikuwepo mshairi mmoja wa Berkeley, Mark O'Brien, aliugua polio akiwa mtoto wa miaka 6 na akaishi miaka mingi ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua. Mtu mzima, msomi, na hajawahi kulala na mwanamke. Alienda kwa mwenza mbadala, na mwaka 1990 akayaandika yote kwa jina lake. Na Israeli, nchi yenye watu wa dini kali kweli, serikali inamlipia askari aliyejeruhiwa vitani tiba hii.

Sasa njooni nyumbani. Sisi hatuna haya ya kuongelea kitanda, tusidanganyane. Pita stendi ya Moshi jioni uone vumbi la Kongo linavyouzwa kwenye vipakti, muuzaji anapaza sauti mbele ya wamama na watoto na hakuna anayegeuka. Nenda kitchen party, mama mwalimu kashika kipaza sauti, khanga kiunoni, anamwonyesha bibi harusi jinsi ya kukata nyonga na ukumbi mzima unapiga vigelegele, na bibi harusi kainamisha kichwa, hakuna hata mmoja anayemuuliza unaogopa nini. Yote tunayofundisha ni kumridhisha mwenzako. Mwanaume naye dawa yake ni ya kuongeza nguvu, hata kama nguvu anazo na kinachomsumbua ni woga, anakunywa, inashindikana, anaongeza dozi.

Nina binamu yangu Arusha, ameniruhusu niandike bila jina. Aliolewa na mwanaume anayempenda na tendo likashindikana kabisa, misuli ya uke inajibana yenyewe bila yeye kutaka, huku wanaita vajinismasi na ni tatizo linalotibika. Alikoenda kupimwa aliambiwa legeza mwili, wewe ni mtu mzima, akatoka analia. Mama mkwe akasema kafungwa. Maombi ya kukesha, mafuta, maji ya chumvi, na mume anaambiwa na rafiki zake alazimishe. Nilipowaeleza kwa simu kwamba kwanza waache kabisa kujaribu, wawe wanashikana mikono na mgongo tu, mume alikasirika akaona namletea uzungu kwenye ndoa yake, ila binamu yangu alilala usingizi usiku ule, alisema ni mara ya kwanza tangu harusi kwenda chumbani bila kutetemeka. Wakaja kumpata dada wa mazoezi ya viungo anayeelewa misuli ya nyonga, bado wanaendelea. Na kwa mkoa ambao ukeketaji haujaisha, pamoja na sheria ya 1998 kukataza kumkeketa binti wa chini ya miaka 18, wanawake wenye maumivu na hofu ya hivi lazima wapo wengi na wamenyamaza.

Siwaambii huku ni peponi. Huku mtu anaweza kukaa mwezi mzima bila mkono wa binadamu kumgusa, wazee ninaowahudumia wengine nikiwaosha mgongo wanatoa machozi. Arusha ukikutana na rafiki yako pale Kilombero anakushika mkono mnaongea mpaka mnafika Soko Kuu hajauachia, na wanaume kwa wanaume vilevile, hakuna anayewashangaa. Mguso tunao, tena mwingi. Ukifika chumbani tu ndo unageuka mtihani.

Wala kufundishwa mwili hatua kwa hatua sio jambo la wazungu. Wazee wa Uchagani walikuwa na mregho, fimbo iliyochongwa alama, kijana anaelezwa habari za mwili na uzazi alama kwa alama mpaka amalize, na hakuna aliyeita uhuni.

Wenza mbadala Tanzania sioni wakiruhusiwa leo, na sipigii debe hilo. Ila mbinu ya mikono, ya kukataza tendo kwanza, haihitaji mtu wa tatu chumbani, wanandoa wanaweza kuifanya wakipata mshauri wa kuwaelekeza. Mafundisho ya ndoa yapo kila usharika na kila parokia, kipindi kimoja kingetosha kuwaambia wachumba kwamba usiku wa harusi hawadaiwi kitu na mtu, na kwamba mwili ukigoma kuna wataalamu, waende wote wawili. Na wale vijana wa bodaboda wanaovunjika mgongo, ambao kila mwaka tunawachangia kwenye magrupu ya WhatsApp, tunanunua kiti cha magurudumu tunapiga picha, naomba wauguzi wanaowaruhusu kurudi nyumbani wamwombe mama yake atoke nje kidogo, wafunge mlango, wamuulize kijana kama ana swali lolote kuhusu mapenzi. Anayo mengi, hajawahi kuulizwa.