Nimeolewa mie, mwanangu hakuolewa

Mwandishi wa makala ya matunzo ya watoto baada ya talaka kaeleza vizuri habari ya baba anayeoa tena kisha akaomba apunguziwe matunzo ya watoto wa kwanza. Lakini upande wetu sisi tulioolewa tena kaupitia juu juu.

Mie nipo Ngamiani, Tanga. Mtalaka wangu alikuwa akileta pesa ya mtoto kila mwezi, hana shida. Wiki niliyoolewa, kimya. Nikampigia: "Si una mume sasa? Akulishieni." Mwanangu siku hiyo kasimama mlangoni na kiatu cha shule, soli imefungwa kwa mpira wa manati.

Wengi wanachanganya mambo mawili. Matunzo ya mke aliyeachwa mwenyewe hukoma akiolewa tena, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema hivyo. Ya mtoto ni mengine kabisa. Baba ni baba, mtoto akae kwake au kwa nani. Baba wa kambo aliyempokea mtoto naye ana wajibu, ila ni pale wazazi wanaposhindwa, na alichotumia anaweza kuwadai.

Huyo aliyeoa tena naye asionewe. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaitaka mahakama itazame kipato cha wazazi wote wawili na watoto wengine anaowalea. Kwa hiyo kiasi chaweza kubadilika, lakini akaombe huko, si kujipunguzia mwenyewe kwa kuzima simu.

Wangu aliwasha yake baada ya wito wa ustawi wa jamii. Kiatu kimenunuliwa, miezi minne ya nyuma bado namdai.