Nembo mpya haitoshi

Mwandishi wa makala niliyoisoma anasema kampuni za magari zinazoyumba zitapona zikiipa kila chapa sura yake. Sawa, lakini sura haijengwi na matangazo. Kampuni ya General Motors iliichukua Chevrolet Cavalier, gari lake la bei nafuu, ikaivika viti vya ngozi na kuiuza kwa bei kubwa kama Cadillac Cimarron ya 1982. Wateja hawakudanganyika, na jina la Cadillac lililokuwa fahari ya Marekani likachafuka kwa miaka mingi. Kampuni ilipofilisika mwaka 2009, chapa zake za Pontiac na Saturn zikazikwa.

Sasa kampuni ya magari ya Stellantis, iliyoanza 2021 na chapa 14, inagawa injini zilezile kwa Peugeot, Opel na Citroën. Inaniuma zaidi kuhusu Lancia, chapa yake nyingine iliyokuwa bingwa wa mbio za magari, iliyoachwa miaka kadhaa na gari moja tu, Ypsilon, ikiuzwa Italia tu. Wapeni wahandisi fedha kwanza!