Nandigram ngome ya nani?

Mwandishi wa makala, unaposema jimbo la uchaguzi la Nandigram kule West Bengal, India, ni ngome ya mwanasiasa Suvendu Adhikari hapo umetupiga chenga bwana. Hicho kiti kilikuwa cha wakomunisti mpaka 2007 polisi wa serikali yao walipowafyatulia risasi wakulima waliokataa ardhi yao ichukuliwe kwa ajili ya viwanda, wakafa 14, ndo Trinamool, chama cha Mamata Banerjee, wakakibeba kwenye uchaguzi mdogo wa 2009. Suvendu mwenyewe 2016 si alishinda kwa tiketi hiyohiyo ya Trinamool, tena gepu la kura zaidi ya elfu 80! 2021 kashahamia BJP, chama cha Modi, akambwaga bosi wake wa zamani Mamata, waziri kiongozi (mkuu wa serikali ya West Bengal) wakati huo, kwa kura 1,956, yani hata uwanja wa mchangani hazijazi 😂 Na Mamata uwaziri kiongozi wala hakuukosa, miezi michache mbele kaenda kuchukua ubunge jimbo lingine, Bhabanipur, kiulainiii.