Sindano ya wino si uhuni
Fundi wa kurefili katriji, vile vikasha vya wino vya printa, ninayemtumia hapa Mtwara mjini ana sindano ya hospitali, chupa nne za wino na vidole visivyotakata. Wanaojiita wajuzi humwita muuaji wa printa. Wanamwonea.

Chukua katriji nyeusi ya HP 123. Kiwango chake ni kurasa 120, tena kurasa zenye wino kwenye asilimia 5 tu ya karatasi, yaani barua fupi. Mwalimu akichapa nyumbani jaribio la kurasa mbili kwa wanafunzi 60, imekwisha. Mkondo B haujapata hata karatasi moja. Na hapo jaribio lisiwe na ramani ya Mto Ruvuma iliyotiwa kivuli, maana hata mkondo A hautamalizika.

Wanaotetea wino orijino wana lao. Printa inauzwa bei nafuu kwa sababu kampuni itajirudishia kwenye wino, na anayechapa barua mbili kwa mwezi hapati hasara kubwa. Rangi nazo huchelewa kupauka. Sawa.

Ila hili la kuua printa lina printa zake. Kwenye HP 123 kichwa cha kuchapia, yaani sehemu inayorusha wino kwenye karatasi, kimo kwenye katriji yenyewe. Wino mbaya ukikiziba, kilichokufa ni kitu ambacho ungekitupa leo leo. Epson kichwa chake kimo ndani ya mashine, hapo onyo lina uzito. Lakini Epson za matangi, unazojaza mwenyewe kwa chupa, zimekuja na jibu lake: chupa nyeusi ya wino wa 664, mililita 70, inakwenda kurasa 4,000. Linganisha na zile 120.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya printa ya Lexmark, ilisema kampuni ikishauza katriji haiwezi kutumia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kumzuia mtu kuijaza upya. Zile zilikuwa za tona, wino wa unga wa printa za leza, lakini swali ni lile lile: mali ni ya nani?

Mimi mwenyewe nilimnunia fundi wangu wiki nzima baada ya katriji kuungua. Kumbe nilimpelekea ikiwa kavu, na kichwa kile huchemsha wino ili kuurusha; kikiukosa kinajiunguza. Siku hizi naipeleka herufi zikianza kufifia. Anajaza, anaigandamiza kwenye tishu, mstari mweusi ukitoka mzima narudi nayo nyumbani. Printa bado inaniandikia kwamba wino umekwisha, huku inachapa.